Theluthi Moja

Dumu la petroli la lita 20 linalobebwa begani pale mwalo wa Mwigobero, Musoma, lina uzito wa kilo 15 hivi. Kwa kiwango ambacho nchi za Afrika Mashariki ziliandika mwaka 2012, salfa ndani ya petroli haikupaswa kuzidi sehemu 150 katika kila milioni. Piga hesabu: ni gramu mbili na robo kwa dumu zima, kama nusu kijiko cha chai. Huioni. Haielei, haitui chini, na hata ukichuja kwa kitambaa cha namna gani, hakibaki kitu juu ya kitambaa. Imejifunga ndani ya molekuli zenyewe za mafuta, imeshikana na kaboni tangu enzi ambazo viumbe vya baharini vilikufa vikafukiwa na tope. Mvuvi akishamimina dumu lake, akavuta kamba ya mashine na kuelekea visiwani, ile nusu kijiko inasafiri naye na kutoka na moshi kidogo kidogo juu ya ziwa.

Nimefundisha kemia katika mkoa huu wa Mara kwa muda mrefu, Butiama kwanza na sasa Musoma mjini, na kila nikifika kwenye mada ya salfa naichoma mbele ya wanafunzi. Unachota unga wa njano kidogo sana kwa kijiko cha chuma chenye mpini mrefu, unaushikilia kwenye moto hadi uyeyuke, ugeuke rangi, ndipo uwake. Mwali wake ni wa buluu, mdogo, mzuri kuutazama. Ukiuteremsha ndani ya chupa yenye oksijeni, unang'aa zaidi. Haupiti muda madawati ya mbele yanaanza kukohoa, madirisha yanafunguliwa, na karatasi ya litimasi ya buluu iliyoloweshwa maji inageuka nyekundu. Hilo ni somo wasilolisahau. Mwaka mmoja binti aliyekaa dirishani, mtoto wa mvuvi wa dagaa, aliuliza: kama kiasi kidogo hivi kinafukuza darasa zima, wanaosafisha mafuta wanakitoaje kwenye petroli? Jibu la kitabuni ni la mistari miwili, nami nikampa. Kisha nikaanza kulitafuta jibu lenyewe, na safari hiyo ya kusoma imenifundisha mengi ambayo si ya petroli.

Mafuta ghafi hayafanani. Ya Uganda, yanayojengewa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani kule Tanga, ni mazito na yana nta nyingi, lakini salfa yake ni ndogo. Mengi ya Ghuba yana salfa ya asilimia 2, mengine 3. Yakifika kiwandani yanachemshwa na kutenganishwa: gesi juu, kisha petroli, mafuta ya taa, dizeli. Yanayobaki chini ni mazito, na humo ndimo salfa ilimojazana. Kuyaacha ni hasara, kwa hiyo yanavunjwa. Yanakutanishwa na unga wa moto ambao chembe zake ni ndogo kuliko chumvi ya mezani, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500. Molekuli ndefu zinakatika zikawa fupi, na hizo fupi nyingi ni petroli. Unga ukishafunikwa na masizi unapelekwa kwenye tanuri la pembeni lenye joto la nyuzi 700 hivi, masizi yanaungua, unga unarudi kazini. Mzunguko huo hausimami usiku wala mchana, na mtambo mzuri huenda miaka kadhaa kabla ya kuzimwa kwa matengenezo. Mtambo wa kwanza wa namna hii, wa unga unaozunguka, uliwashwa Baton Rouge, Marekani, mwezi Mei 1942, wakati wa vita, kwa sababu ndege zilihitaji petroli nyingi na bora.

Shida iko hapa. Petroli itokayo kwenye uvunjaji huo huwa kama theluthi ya petroli yote ya kiwanda, lakini ndiyo inayobeba karibu salfa yote, asilimia 90 na zaidi. Ukitaka petroli safi, hapo ndipo pa kushughulika. Njia inayojulikana zaidi ni kuipitisha petroli kwenye hidrojeni chini ya shinikizo kubwa, pamoja na kichocheo cha kobalti na molibdeni. Hidrojeni inaichomoa salfa. Njia hiyo inafanya kazi, ila inataka mtambo mpya, hidrojeni nyingi na fedha nyingi, tena inapunguza oktani, ule uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila injini kugonga.

Katika miaka ya 1990 wanakemia wa kampuni ya Grace ya Marekani walileta njia nyingine. Walitengeneza chembe za alumina zilizobeba zinki, ukubwa na uzito wake sawasawa na ule unga unaozunguka, wakazimimina humo humo. Baadaye zikaja nyingine zenye vanadi. Unga wa kawaida unaendelea kuvunja mafuta kama ulivyokuwa ukivunja, na chembe hizi ngeni zinazunguka nao zikiwa na kazi moja tu: kuzikamata molekuli zenye salfa, zile za jamii ya thiofeni, na kusaidia zipasuke. Salfa inatoka ikiwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, inaelekezwa upande wa gesi na kushughulikiwa huko. Hakuna mtambo mpya uliojengwa. Hakuna kilichozimwa. Petroli ya uvunjaji inatoka ikiwa imepungukiwa na robo ya salfa yake, na pale mambo yanapokwenda vizuri, theluthi.

Hapo kwenye theluthi nimekaa sana, na bado nakaa.

Tumezoea kuwaza mageuzi kwa sura ya mtambo mpya. Shule ikiwa na matatizo, tunasubiri maabara. Kijiji kikiwa na matatizo, tunasubiri mradi. Nimekaa kwenye vikao vingi vya walimu ambapo tulizungumza juu ya jambo moja linalotuumiza: watoto wanaoingia kidato cha kwanza huku kusoma aya moja na kuelewa maana yake kukiwa mzigo kwao. Kila tulipolizungumza, suluhisho lilikuwa darasa maalumu, mwalimu maalumu, vitabu maalumu na bajeti. Vyote ni vya haki na ningependa tuvipate kesho asubuhi. Lakini mtoto aliye mbele yangu leo atakuwa ameondoka bajeti itakapofika. Muhula mmoja tukakubaliana walimu wachache wa mkondo mmoja: kila kipindi, kiwe cha kemia, jiografia au historia, kianze kwa mwanafunzi mmoja kusoma aya kwa sauti, mwingine aieleze kwa Kiswahili, wa tatu aiandike ubaoni kwa maneno yake. Basi. Hakuna kengele iliyosogezwa wala ratiba iliyobadilishwa. Kipindi ni kile kile, somo ni lile lile, ndani yake tumeongeza kitu kidogo chenye kazi moja.

Sikupima kwa asilimia na sitabuni namba. Ninachoweza kusema kwa moyo mweupe ni kwamba wapo watoto waliofunguka mbele ya macho yangu. Kijana mmoja kutoka vijiji vya Bunda, ambaye daftari lake la kemia lilikuwa nakala safi ya ubao bila yeye kujua neno hata moja lililoandikwa humo, alisimama siku moja akaeleza kutu ya bati kwa namna ambayo mimi mwenyewe niliiandika nikae nayo. Na wapo ambao hawakufunguka. Hao ndio wanaonizuia nisiisifu theluthi kupita kiasi.

Maana theluthi inaweza kugeuka kisingizio. Viwanda vya Marekani viliposhurutishwa kushusha salfa ya petroli hadi wastani wa sehemu 30 kwa milioni kufikia mwaka 2006, kisha 10 mwaka 2017, zile chembe za zinki peke yake zisingetosha. Ulaya iliweka 10 mwaka 2009. Kwa namba kama hizo hidrojeni haiepukiki. Kichocheo cha nyongeza kilibaki na nafasi yake: kupunguza mzigo kabla haujafika kwenye mtambo wa hidrojeni, kukinunulia kiwanda muda wakati mtambo unajengwa, kuokoa oktani. Mtu mwaminifu aliyetia chembe za zinki alijua kuwa bado ana deni la theluthi mbili. Ndivyo ninavyotaka tuwe na yale masomo yetu ya aya moja. Ni kazi ya leo, na madai ya darasa maalumu yanabaki mezani.

Sisi huku hatuna pa kuzimimina chembe hizo. Tanzania ilikuwa na kiwanda chake, TIPER, kilichoanza kusafisha mafuta Kigamboni mwaka 1966 kwa ushirikiano na Waitaliano. Kenya ilikuwa na kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963. Vyote vilikuwa viwanda vya kizamani vya kuchemsha na kutenganisha, si vya kuvunja mafuta mazito. TIPER iliacha kusafisha mwishoni mwa karne iliyopita ikabaki matangi ya kuhifadhia. Changamwe iliacha mwaka 2013. Tangu hapo petroli inayochomwa Musoma imesafishwa kwingine, Ghuba au India, na mikono ya watu tusiowajua. Imekuja kwa meli hadi Dar es Salaam au Tanga, ikapandishwa kwa malori hadi kanda ya ziwa.

Basi nchi isiyo na kiwanda inashika wapi? Inashika kwenye karatasi ya kiwango. Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za Kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakaazimia kuiondoa risasi kwenye petroli, na kufikia Januari 2006 eneo lote lilikuwa limeacha. Wengi wetu tuliokuwa tukijaza mafuta miaka hiyo hatukuhisi chochote, bei haikuruka, magari hayakugoma, lakini watoto waliozaliwa baada ya hapo kando ya barabara ya Mwanza hadi Sirari walivuta hewa isiyo na sumu ile. Tarehe 1 Januari 2015, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikahamia pamoja kwenye dizeli ya sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kabla ya hapo, kwetu iliruhusiwa hadi 500. Hakuna nchi kati ya hizo tano iliyojenga mtambo wa hidrojeni. Walichokuwa nacho mikononi ni haki ya kusema watanunua nini, nao wakaisema kwa sauti moja, ili muuzaji asipate mlango wa jirani wa kupitishia mafuta machafu.

Tofauti ilionekana Septemba 2016, shirika la Public Eye la Uswisi lilipotoa ripoti juu ya mafuta yaliyokuwa yakiuzwa Afrika Magharibi. Walipima dizeli kwenye vituo, na sampuli moja ilikuwa na salfa mara 378 ya kiwango cha Ulaya. Wafanyabiashara waliochanganya mafuta hayo hawakuvunja sheria ya nchi walizouzia. Sheria iliruhusu, nao wakachanganya hadi ukingoni mwa ruhusa. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko habari zote za kemia nilizosoma. Unachokubali kwa maandishi ndicho utakacholetewa.

Lakini karatasi nayo ina mwisho wake. Mafuta yakishapita forodhani yanaanza safari ya mikono mingi, na mkono wowote unaweza kuyaharibu. Tunakumbuka wote miaka ile ya kuchakachua, kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, petroli na dizeli kodi kubwa, na mwanya huo ulijaza mifuko ya watu na kuua injini za wengine. Septemba 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta yenye kodi iliyolipwa, ili mkaguzi akichota sampuli kituoni ajue kama kuna kilichoongezwa njiani. Bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi takriban 400, na faida ya kuchanganya ikayeyuka. Ilikuwa hatua sahihi, na iliwaumiza waliokuwa wakiwasha koroboi na karabai, kundi ambalo huku ziwani ni kubwa. Naona ni haki kuyasema yote mawili.

Vinasaba vinafika kwenye kituo. Baada ya kituo kuna chupa. Ukiiacha lami ya Makutano ukaingia vijijini, petroli inauzwa kwenye chupa za maji za lita moja zilizopangwa juu ya meza ya mbao. Pande za Butiama nilikuwa nikinunua kwa mama mmoja mtu mzima, ambaye meza yake ilikuwa chini ya mwembe na si juani kama za wengine. Alinunua kwenye kituo kimoja tu, akiwa mwenyewe, akisimama pembeni ya pampu. Alimimina kupitia kitambaa cheupe, na dumu la petroli hakuligusisha na la mafuta ya taa hata kwa mfuniko. Bei yake ilizidi ya jirani kidogo. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, wakati wateja wengine wanaangalia bei tu.

"Mwanangu," akasema, "bodaboda anabeba mzazi usiku kwenda Kiabakari. Akizimikiwa porini, huyo mzazi atanikumbuka mimi au ataikumbuka bei?"

Kutoka mtambo wa kule Ghuba hadi chini ya mwembe ule kuna msururu wa watu wasiojuana. Wengi wao hawatawahi kushukuriwa na mtu. Mwanakemia aliyekaa na zinki yake hadi ikatoa theluthi, mjumbe aliyesimamia namba 50 kwenye kikao, mkaguzi aliyechota sampuli usiku, na mama yule. Kazi ya watatu wa kwanza ingeweza kubatilishwa na wa nne kwa kumimina mafuta ya taa nusu lita. Nikiwaza hivyo naona cheo cha mama yule ni kikubwa kuliko tunavyodhani tunapompita na vumbi letu. Mwalimu Nyerere alipotoka Butiama mwaka 1934 kwenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, alikwenda mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Leo mtoto wa kijiji hicho akiugua usiku, umbali kama huo ni jambo la lita moja au mbili za mafuta, ikiwa aliyeyauza ni mwaminifu.

Na ile salfa iliyochomolewa, inakwenda wapi? Swali hili nalo liliulizwa darasani, na jibu lake ndilo ninalofurahia zaidi kulitoa. Ile gesi ya yai bovu, sumu inayoua mtu kwa kuvuta mara chache ikiwa nyingi, inapitishwa kwenye utaratibu uliobuniwa na mwanakemia Claus, aliyepata hataza yake mwaka 1883 huko London. Sehemu ya gesi inachomwa, sehemu inakutanishwa na kilichochomwa, na inatoka salfa tupu, ya njano, safi. Siku hizi sehemu kubwa ya salfa ya dunia haichimbwi tena ardhini kama zamani, inatoka kwenye kusafisha mafuta na gesi. Mpwa wangu anaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Mara nyingi mzigo wake wa kwenda ni salfa katika mifuko mikubwa, iliyoshushwa bandarini kutoka Ghuba, inayokwenda kutengenezewa asidi ya kuyeyushia shaba huko Kongo. Vumbi lake, anasema, likikuingia machoni hutalala.

Na nyingine inabaki nchini. Mtwara na Lindi, mikorosho inapotoa maua, wakulima wanaamka alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, wanawasha mabomba ya mgongoni na kuipulizia salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika maua kwa weupe na kuyakausha kabla hayajazaa. Bila salfa, msimu unaweza kupotea. Kwa hiyo kilekile kilichofukuza darasa langu, kinachochoma koo na kuharibu mashine, kinasubiriwa na mkulima wa Newala kwa hamu, na kikichelewa kufika analalamika serikalini. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi, na hapa nasema kwa uzito wote: kabla hujamwita mtoto mkorofi, uliza kwanza kama kuna kazi inayomsubiri mahali pengine. Nimemwona mwanafunzi aliyekuwa tishio la bweni akawa nahodha wa boti anayeaminiwa na familia nyingi kwa maisha ya watoto wao.

Mwisho wa safari ya petroli ni bomba la moshi, na juu ya hilo nimejifunza zaidi kwenye gereji moja ya Bunda, kando ya barabara kuu, kuliko kwenye vitabu. Fundi wa pale ni mzee wa makamo, Mkurya, mpole, anayewaita vijana wake wote mura. Siku niliyompelekea gari la shule alikuwa amepasua masega ya Noah, kile kisafisha moshi cha kwenye bomba, na kuyaweka juu ya gunia. Ndani ya kopo la chuma kulikuwa na gogo la udongo mweupe wa kuchoma, lenye vitundu vya mraba maelfu kwa maelfu, vidogo kiasi kwamba kiberiti hakipiti. Upande mmoja vilikuwa vimeyeyuka na kuziba, upande wa pili vilikuwa vizima. Juu ya kuta za vitundu hivyo kuna utando mwembamba wa platini, paladi na rodi, na moshi ukipita hapo sumu zake zinageuzwa kuwa hewa isiyo na madhara makubwa. Risasi ikigusa utando ule, unakufa moja kwa moja. Salfa haiui hivyo. Inakaa juu yake na kuziba nafasi, na gari likipata mwendo mrefu hadi bomba liwe la moto sana, sehemu ya salfa hiyo inaachia. Ndiyo maana gari linaloishia kati ya Nyasho na Mwisenge, mitaa ya Musoma, linateseka kuliko linalokwenda Mwanza.

Nilimsimulia fundi habari za Eugène Houdry, na alisimamisha kazi kusikiliza. Huyu alikuwa mhandisi Mfaransa aliyepigana kwenye vifaru katika Vita Kuu ya Kwanza, mpenzi wa mbio za magari. Ndiye aliyeonyesha dunia namna ya kuvunja mafuta mazito kwa kichocheo, na kiwanda kikubwa cha kwanza kwa njia yake kilianza kazi Pennsylvania mwaka 1937. Petroli yetu ya leo ina alama za vidole vyake. Uzeeni, alipoona moshi uliofunika jiji la Los Angeles, aligeukia upande wa pili wa kazi yake mwenyewe, na katika miaka ya 1950 akabuni kifaa cha kusafisha moshi wa magari, babu wa masega haya. Alikitengeneza kikawa tayari, lakini hakikutumika kwenye magari ya barabarani, kwa sababu petroli ya wakati ule ilikuwa na risasi na risasi ingekiua. Alifariki mwaka 1962. Magari ya Marekani yalianza kuvaa masega mwaka 1975, na huku kwetu yasingeweza kudumu kabla risasi haijaondolewa miaka 30 baadaye.

"Alifanya sehemu yake akafa," fundi akasema, "wengine wakaja kumwondolea risasi njiani."

Sijaisikia ikielezwa vizuri zaidi.

Wakati huo kulikuwa na mteja wa mchomoko, Probox ya kubeba abiria wa Bunda hadi Musoma, amesimama na ufunguo mkononi. Gari lake lilikuwa zito kupanda, na alishaambiwa mahali pengine kwamba dawa ni kung'oa masega, kuchomelea bomba tupu, na kuyauza kwa wale wanunuzi wanaopita gereji hadi gereji wakitafuta platini. Fedha yake si ndogo kwa mtu mwenye marejesho ya kila siku, na sikuweza kumlaumu. Fundi hakumhubiria. Alimwita kijana wake, akamwambia apime kwanza.

Kijana aliinama chini ya gari kwa muda, akagonga kopo kwa kiganja kusikia kama kuna kinachocheza ndani, akafungua plagi akazitazama moja moja, akatoa sensa ya oksijeni na kuipangusa.

"Masega ni mazima, mzee," akasema. "Plagi mbili zimechoka, na hii sensa inadanganya injini, inaimiminia mafuta mengi."

"Mura, mwambie mwenyewe."

Kijana akamgeukia mteja. Akamweleza kwamba wakiyang'oa, gari litakuwa jepesi kwa wiki chache, kisha lile tatizo litarudi kwa sababu halikuwa pale, na abiria wa siti ya nyuma watavuta moshi hadi Musoma. Wabadilishe plagi na sensa, kisha alikimbize Mwanza na kurudi likiwa na mzigo, bomba lipate moto. Likiendelea kuwa zito baada ya hapo, alirudishe.

Mteja alitazama masega yaliyopasuliwa juu ya gunia, akatazama ya kwake yaliyokuwa bado yamefungwa chini ya gari, akauliza bei ya sensa.